Leptini

Leptini ni homoni inayotengenezwa hasa na seli za mafuta na kuuarifu ubongo, kupitia damu, kiasi cha akiba ya mafuta kilichomo mwilini. Ikipungua, mtu huona njaa; ikiongezeka, hamu ya kula hushuka.

Habari zake zilianzia Maabara ya Jackson, jimbo la Maine, Marekani, ambako mwaka 1949 walionekana panya waliokula bila kukoma, hata wakafikia mara tatu ya uzito wa wenzao. Miaka ya 1960 ilipatikana hapo aina ya pili ya panya wanene, hawa wakiwa na kisukari. Mtafiti Douglas Coleman aliwaunganisha panya wawili wawili kwa upasuaji ili wachangie damu. Mnene wa aina ya kwanza, akiunganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula na akakonda. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na mnene wa aina ya pili aliacha kabisa kula, akafa njaa na chakula kipo. Coleman akang'amua kwamba aina ya kwanza walikosa kitu fulani cha kushibisha katika damu, ilhali aina ya pili walikuwa nacho tele lakini ubongo wao haukukipokea. Kitu hicho, yaani leptini, kilijulikana mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walipoipata jeni yake.

Leptini hufanya kazi hasa katika haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo. Huamsha seli za neva zinazozuia kula na kuzituliza zile zinazotoa niuropeptidi Y, kemikali inayochochea njaa kali. Ghrelini, homoni ya tumboni iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, huziamsha hizo za njaa, na hupanda kabla ya mlo.

Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa bila leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Alipoanza kudungwa homoni hiyo alikula kwa kiasi, na katika mwaka mmoja akapungua kilo 16 hivi. Hakuna aliyemfundisha nidhamu, alipewa kilichokosekana.

Matumaini kwamba sindano hiyo ingewafaa wanene wote hayakutimia, kwa kuwa wengi wao wana leptini nyingi ila ubongo wao hauiitikii ipasavyo. Tena, anayepungua uzito hushuka leptini, njaa yake huongezeka na mwili hubana matumizi ya nishati. Ndiyo maana kumlaumu mtu mnene kwa ulafi ni kumwonea. Leo leptini ya sindano hutolewa kwa wachache tu: waliozaliwa bila homoni hiyo, na wenye maradhi yanayoondoa mafuta mwilini.