Utawala wa taaluma chuoni
Utawala wa taaluma ni mfumo unaosimamia masomo ya mwanachuo, kuanzia udahili na usajili hadi mitihani na kuhitimu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa 1984 na chenye makao makuu Morogoro, kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi. Umbali kati ya kampasi hiyo na makao makuu unadai huduma za kila siku ziwe karibu na mwanafunzi. Mhadhiri husahihisha mitihani, idara hukusanya alama, na Seneti, chombo kikuu cha taaluma chuoni, huidhinisha matokeo. Wapo wanaohofia kwamba kugatua madaraka hayo kwa kampasi kutashusha viwango. Hofu hiyo ina msingi, lakini Seneti inayoidhinisha matokeo ni moja kwa kampasi zote. Kijana wa Ilembo, Mpanda, hapaswi kusafiri hadi Morogoro kufuatilia alama moja iliyokosekana.