Tumbo la Mlimani na Tumbo la Mjini

Ndugu msikilizaji, kila ifikapo katikati ya mwezi Desemba, mabasi yaingiayo Moshi hujaa watu wa aina moja: wenyeji wa mlimani wanaorudi kula Krismasi kwao. Wanatoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na kwingineko, wakiwa na masanduku na watoto, na wale waliofanikiwa huwa wametanguliza mbele yao kitu kingine, nacho ni tumbo. Kule juu, iwe Machame, Kibosho, Marangu au Rombo, mama mzee hutoka mgombani, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani, macho yakaishia kwenye mkanda wa suruali, kisha akasema kwa furaha: "Umenenepa, mwanangu. Mji umekupokea."

Baba yangu mdogo alipokewa kwa maneno hayo miaka mingi. Alikuwa karani mjini, mtu wa kiti na meza, na jioni mtu wa nyama choma na bia mbili tatu. Desemba yake ya mwisho alirudi amekonda, shati linapwaya. Hakuna aliyemsifu. Watu walinong'ona mgombani kwamba ameupata ule ugonjwa. Kumbe kilichomkondesha kilikuwa kisukari, na kilimwingia taratibu katika miaka ile ile tuliyokuwa tukimpongeza kwa kitambi chake.

Kwa hiyo juma hili natamani tuzungumze juu ya tumbo. Vijana wa leo nao wanalo tumbo lao wanalolitafuta. Hutaka misuli ionekane, imegawanyika kama maandazi sita yaliyopangwa kwenye sinia, nao huiita "siksipaki". Picha zake zimejaa katika simu zao, na kumbi za mazoezi zinafunguliwa mjini Moshi kama zinavyofunguliwa Dar es Salaam. Wazee huwacheka. Lakini kabla ya kuwacheka, hebu turudi nyuma tuulize: babu zetu wa mlimani, ambao hawakujua ukumbi wa mazoezi, matumbo yao yalikuwaje, na kwa nini?

Jibu liko katika ardhi yenyewe. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari. Vihamba vya migomba na kahawa vinapanda hadi kukaribia mita 1,800, na juu yake ni msitu. Ina maana kwamba mtu wa mlimani hakuwa na njia ya tambarare: akitoka nyumbani, ama anapanda ama anateremka. Mahindi, maharage na ulezi vililimwa chini, kwenye mashamba ya nyanda za joto. Ng'ombe alifungwa zizini nyumbani, kwa sababu kihamba hakina nafasi ya malisho, na majani yake ilibidi yafuatwe. Kazi hiyo ilikuwa ya akina mama. Aliteremka alfajiri, akakata majani, akajitwisha mzigo, akaupanda mlima nao kichwani, na kesho yake akarudia. Siku ya soko alijitwisha mkungu wa ndizi.

Wanaume nao walikuwa na mifongo, ile mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka mitoni msituni hadi vihambani. Wageni wa kwanza kutoka Ulaya waliofika karne ya 19 waliistaajabia. Mfongo haukuchimbwa mara moja ukaachwa. Kila mwaka ulizibuliwa, na asiyefika kazini alitozwa faini.

Na chakula? Ndizi, maharage, maziwa, mboga za majani, na mbege iliyotengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi. Nyama ilikuwa ya siku ya kuchinja, na siku ya kuchinja haikuwa kila siku. Tumbo la mtu wa namna hii lilikuwa bapa bila yeye kulifikiria. Hakulitafuta. Lilikuwa ni masalia ya kazi, kama vile sugu ilivyo masalia ya jembe.

Historia imetuachia mfano mmoja mashuhuri. Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, nao ndio wanaoandikwa vitabuni. Lakini nyuma yao walikuwako wapagazi. Katika misafara ya enzi hizo mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takribani frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Mwini Amani, mtu wa Pangani, alibaki nao katika kambi ya juu kwenye baridi kali akiwatunzia moto na chakula. Masimulizi ya Marangu yanamtaja pia kijana Yohani Kinyala Lauwo, ambaye baadaye aliongoza wageni mlimani kwa miaka mingi. Mzee Lauwo alifariki mwaka 1996, na watu wake walimhesabia umri wa zaidi ya miaka 120. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, na mtu mmoja si ushahidi wa jambo lolote. Lakini hata ukimpunguzia miaka 20, bado huo ni uzee ambao wengi wetu tuliokaa vitini tutausikia tu.

Sasa tusidanganyane kwamba wazee walichukia unene. La hasha. Unene ulikuwa na majira yake. Mama aliyejifungua aliwekwa ndani, akapumzishwa, akalishwa mtori, maziwa, nyama na mlaso, na akitoka amenawiri, hiyo ilikuwa heshima ya mumewe na ya ukoo mzima. Mwili uliwekewa akiba kwa kazi maalumu, ya kunyonyesha. Kisha mama alirudi kwenye majani na mkungu, na akiba ikatumika. Walichokuwa hawakijui ni unene usio na msimu, unaoingia na usitoke.

Huo ulikuja na kiti. Kahawa ilileta fedha. Chama cha wakulima kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha zilijenga shule, shule zikazaa makarani, walimu na maofisa, na hao wakashuka mjini. Kwa mara ya kwanza mtoto wa mlimani aliweza kula bila kupanda wala kuteremka. Kitambi kikawa hati ya kwamba umetoka shambani.

Wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967 siasa ilijaribu kukipinga. Mnyonyaji aliitwa kupe, na kila mfugaji anajua kupe aliyeshiba anavyofanana. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwezi Oktoba mwaka huo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kuliunga mkono Azimio. Mwaka 1973 redio ilitukusanya vijijini katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 katika Chakula ni Uhai. Lakini adui wa siku hizo walikuwa malaria, kichocho, minyoo na utapiamlo. Hakuna aliyetuonya juu ya kula kupita kiasi, maana wachache sana waliweza.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Kwanza uhaba: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga. Mtu aliyenenepa katika foleni hizo alikuwa na siri yake. Na mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika mkoani Kagera, na baada ya miaka michache mikoa yote ya Bara ilikuwa imeguswa. Hapo ndipo wembamba ulipopata jina baya. Aliyekonda alitazamwa viatu hadi nywele. Mwenye kitambi alitembea kifua mbele, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa kama cheti cha daktari kinachosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Ndugu msikilizaji, sifa tunazowapa wenye matumbo hazikutoka kwa mababu wa mlimani. Zimetoka kwa njaa na hofu ya jana tu.

Na wakati tukisifu, hesabu zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa madaktari wakiongozwa na Profesa Donald McLarty wa Muhimbili, waliopima zaidi ya watu wazima 6,000 katika vijiji sita, vikiwemo vya mkoa wa Kilimanjaro. Wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila 100. Miaka ya 1990 wenzao wakalinganisha Shari, kijiji cha Machame, na Ilala jijini Dar es Salaam. Shari walikuta wagonjwa chini ya wawili katika kila 100. Ilala karibu sita. Na mwaka 2012, katika uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64, waliokutwa na kisukari walikuwa tisa katika kila 100, na mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na presha ya kupanda. Damu ya Shari na damu ya Ilala ni damu ya Watanzania. Kilichotofautiana ni kiti, sahani na mwendo.

Je, basi vijana wa maandazi sita ndio wenye haki? Nusu tu. Misuli ile kila mtu anayo, hata mwenye kitambi, imefunikwa. Ili ionekane, mafuta yaliyo chini ya ngozi lazima yapungue sana, kuliko afya inavyodai. Mwanamke akipunguza mafuta kupita kiasi hata hedhi yake hukatika. Wala kuinuka-inuka chali mara 100 kwa siku hakuondoi mafuta ya tumbo peke yake. Mwili huchota akiba yake unakotaka wenyewe. Mafuta ya hatari zaidi ni yale yaliyojificha ndani, yanayozunguka ini na matumbo, na hayo huanza kupungua mtu anapotembea na kupunguza sahani, hata kabla kioo hakijamsifu.

Anayetaka ushahidi kwamba tumbo bapa si lazima liwe afya, aende geti la Marangu au Machame asubuhi, awatazame wapagazi, "wagumu" kama wanavyoitana. Miongoni mwao wapo wenye tumbo ambalo kijana wa mjini angelilipia. Lakini wapo waliolipata kwa kupanda na mzigo baridini wakiwa wamekula mlo mmoja. Kanuni inasema mzigo wa mgeni usizidi kilo 20, na tangu mwaka 2003 kuna asasi mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, inayopigania malipo yao, mavazi yao na chakula chao. Wembamba wa njaa nao ni ugonjwa.

Kwa hiyo tusiulize kama misuli inaonekana. Chukua kamba, pima urefu wako, ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni. Ikifika, shukuru. Isipofika, hospitali ipo, njia ya kwenda kazini kwa miguu ipo, na sahani inaweza kupunguzwa bila kumuudhi mtu.

Baba mdogo alizikwa kihambani, mita chache kutoka kwenye mfongo ambao baba yake alikuwa akiuzibua. Desemba ijayo tutapanda tena mlimani, na mama zetu watatoka tena mgombani na ile sifa yao. Tuwabusu, tuwashukuru, kisha tuvue viatu vya mjini tukawasaidie kuleta majani ya ng'ombe. Wahenga walisema mwili haujengwi kwa mbao. Naam, lakini pia haujengwi kwa kukaa.