Kisu cha mhunzi na kinoo: namna ya kuchagua, kunoa na kutunza

Kwenye minada na magulio ya Shinyanga, Kahama na Geita, kisu kilichofuliwa kwa mkono hupangwa pembeni ya visu vya kiwandani vinavyong'aa. Wengi hununua kinachong'aa. Baada ya muda makali yanaisha, kisu kinapelekwa kwenye grenda, na kila kikirudi kimepungua. Msikilizaji, kisu kizuri kinaweza kukutumikia miaka mingi, ukijua chuma chake na jiwe la kukinolea.

Chuma cha kwetu

Ukanda huu unajua chuma tangu zamani. Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, Warongo wa upande wa Uzinza na Geita waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyofika Usukuma na Unyamwezi. Jembe halikuwa la kulimia tu, lilitolewa hata kwenye mahari. Kwa jirani zetu wa Buhaya, mkoani Kagera, ujuzi huo una umri mkubwa zaidi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa huko walikuwa wakipata chuma cha pua karibu miaka 2,000 iliyopita. Ukitaka kujua zaidi kuhusu kazi ya wahunzi wa Kisukuma, tembelea Makumbusho ya Bujora, Kisesa, mkoani Mwanza.

Siku hizi wahunzi hutumia vyuma chakavu, hasa springi za magari na tupa zilizokwisha. Wana sababu. Vyuma hivyo vina kaboni ya kutosha, na kaboni ndiyo inayofanya chuma kikubali kukazwa. Mhunzi hukipasha moto hadi kiwe chekundu, hukizamisha ghafla kwenye maji au oili, kisha hukipasha tena kwa moto mdogo ili kisiwe kigumu kama kioo na kuvunjika. Msumari au bati, hata ukivipitisha kwenye moto na maji namna hiyo, havitashika makali.

Wajapani nao

Nchini Japani, mji wa Sakai karibu na Osaka unajulikana kwa visu vya jikoni vya mkono. Huko kazi hugawanywa: mmoja anafua, mwingine ananoa, mwingine anatia mpini. Visu vingi huunganishwa vyuma viwili, kigumu cha kubeba makali na laini cha kukishikilia kisivunjike. Watu wa nchi mbalimbali hukusanya visu hivyo pamoja na vinoo vya asili vilivyochimbwa milima ya karibu na Kyoto. Bei yake ni kubwa, lakini msingi wake mhunzi wa hapa anaujua: chuma chenye kaboni, moto wa kiasi, na jiwe lenye maji.

Kabla ya kununua

Muulize mhunzi ametumia chuma gani. Pitisha tupa taratibu kwenye makali: ikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, chuma ni laini. Angalia kama kuna ufa, hasa karibu na mpini. Tikisa mpini; ukicheza, rudisha.

Kuchagua kinoo

Kinoo cha dukani mara nyingi kina pande mbili, wa kukwaruza na wa kulainisha. Kikiwa na namba, kumbuka kwamba namba ndogo ni jiwe la kukwaruza. Kati ya 200 na 400 ni kwa kisu kilichokatika meno, 1000 inatosha kwa kazi za kila siku za jikoni, na 3000 kwenda juu ni ya kumalizia.

Jiwe la mtoni pia linafaa kama chembe zake ni ndogo na zinalingana. Lilowanishe, usugue kisu mara chache. Maji yakigeuka meusi, jiwe linakula chuma. Kisu kikiteleza tu, tafuta jingine.

Namna ya kunoa

1. Loweka kinoo au kimwagie maji, kisha kiweke juu ya kitambaa chenye unyevu kisiteleze.
2. Laza kisu, halafu inua mgongo wake kwa kimo cha kisanduku cha kiberiti kilicholazwa. Kipimo hicho ni cha kisu chenye upana wa sentimita 4 hivi. Chembamba zaidi, inua kidogo.
3. Sugua upande mmoja kutoka kwenye mpini hadi ncha bila kubadilisha mwinamo, mpaka kidole kikipita upande wa pili kisikie mkwaruzo wa chuma kilichojikunja. Pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe usikipitishe kwa urefu wa makali.
4. Geuza, fanya hivyo hivyo upande wa pili.
5. Malizia upande laini wa kinoo kwa mkono mwepesi, ukigeuza kila mara.

Jiwe likiingia shimo katikati, lisugue kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga na maji hadi linyooke.

Mambo ya kuepuka

Grenda huchemsha makali kwa sekunde chache. Ukiona chuma kimegeuka bluu, hapo ugumu umeondoka, na sehemu hiyo haitashika makali mpaka isagwe yote. Ikibidi kuitumia, chovya kisu kwenye maji kila mara.

Usilete jikoni jiwe, beseni au karai lililotumika mwaloni kuchenjulia dhahabu. Zebaki haionekani ikibaki kwenye vinyweleo vya jiwe, na kuosha kwa sabuni hakutoshi. Usinolee pia kwenye jiwe kavu, kwani vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu huumiza mapafu.

Baada ya kazi, osha kisu, kikaushe na ukipake mafuta kidogo ya kupikia, maana kisu cha mhunzi hushika kutu. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu mtu hukisukuma kwa nguvu na kikateleza. Na kama nyumbani kuna kisu cha babu au bibi, usikimalize kwenye grenda. Kipitishe kwenye kinoo, na uwaulize wazee kilifuliwa wapi na nani, kabla hajabaki wa kukueleza.