Uzito wa Picha za Mlima Elgon

Vijana wa mtaa wa Kipsongo wanaojifunza kuongoza wageni huniuliza droni ipi ni nyepesi zaidi ya kupanda nayo Elgon. Mimi, niliyeanza kazi hii kwa kubeba mizigo ya wengine, huwaambia kwamba gramu ni hadithi ndefu mlimani kwetu.

Joseph Thomson alipofika chini ya mlima huu mwishoni mwa 1883 na kuingia mapangoni, safari yake ilitegemea migongo ya wapagazi walioandikwa kazi Zanzibar na pwani. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Frederick Jackson na Ernest Gedge walioupanda mwaka 1890. Enzi hizo mzigo wa mpagazi mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Kamera ya sanduku na vioo vyake vya picha ilikuwa mzigo kama mingine, ila huu ukiangushwa haulipiki.

Kutazama mlima kutoka juu kulikuja baadaye, na kulikuwa kwa wenye ndege. Mwaka 1930 Mswisi Walter Mittelholzer aliruka juu ya Kilimanjaro akaipiga picha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha za Kenya ili ramani zichorwe. Aliyekuwa shambani akilima alipigwa picha bila habari, wala hakuletewa aione.

Kisha kamera ikashuka bei na kupungua mwili. Phantom ya kwanza, droni ya kampuni ya DJI iliyotoka 2013, ilisafirishwa katika sanduku lililojaza begi zima. Mavic Pro ya 2016 ilikunjwa mikono, gramu 734. Mwishoni mwa 2019 ikaja Mavic Mini, gramu 249. Namba hiyo ilifuata sheria ya Marekani, inayowadai usajili wanaorusha kwa kujifurahisha kuanzia gramu 250. Kenya kipimo hicho hakikuokoi. Kanuni za kwanza za 2017 zilibatilishwa na Bunge mwaka uliofuata, na zilizoanza kutumika 2020 zinataka hata droni ndogo isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndani ya hifadhi, ongeza kibali cha Shirika la Wanyamapori (KWS).

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochoka kusoma, na wanakosa jambo kubwa zaidi. Watengenezaji waliiwekea Mavic Mini mwisho wa mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kutoka lango la Chorlim inaishia karibu mita 3,500. Droni imeshavuka mpaka wake kabla hujafunga kamba za viatu. Mini 2 inafika 4,000, na kilele cha Koitobos ni 4,222. Mavic Air 2, yenye gramu 570, imeruhusiwa hadi 5,000. Juu huko hewa ni hafifu, mapangaboi yanazunguka kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule, na betri inaisha upesi. Baridi nayo huinyonya. Betri zangu hulala ndani ya fulana, zikigusa ngozi, hadi dakika ya kurusha.

Sehemu ya mwisho ya Koitobos hupandwa kwa mikono. Droni ikae mgongoni, mkanda wa kifuani umefungwa, na rimoti isining'inie shingoni, kwa maana itagonga mwamba kila ukiinama. Ukifika, tafuta jiwe bapa la kurushia. Nyasi ndefu hunasa mapangaboi.

Upande wa Bungoma kuna jambo la mwisho. Machi 2008 jeshi la Kenya lilipoingia kupambana na kundi lenye silaha la SLDF, helikopta zilizunguka juu ya miteremko, na watu wengi walikamatwa na kuteswa. Kule bado kuna mama anayewaita watoto ndani akisikia kitu kinavuma angani. Kwa hiyo nikipanda kwa njia hiyo hupita kwa chifu, kisha huwaonyesha watu kioo cha rimoti kabla sijarusha. Marubani wa zamani hawakuwa na njia ya kumuuliza mkulima aliye chini. Sisi tunapita mlangoni kwake tukienda mlimani; tusipomuuliza, tumeamua.