Matuta ya Uluguru: kwa nini Waluguru walikataa 1955?

Ukifungua bomba Dar es Salaam, maji mengi unayoyapata yanatoka Mto Ruvu, na vijito vinavyoulisha vinaanzia Milima ya Uluguru, Morogoro. Mteremko ukilimwa bila kinga, mvua inashusha udongo mtoni. Tope likizidi, mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inahitaji dawa zaidi kuyasafisha. Yaani ubora wa maji ya mjini unategemea sana jembe la mtu wa mlimani.

Wakoloni Waingereza walilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 waliendesha mpango wa kuokoa ardhi ya Uluguru: kila kaya ichimbe matuta ya ngazi, na anayekaidi atozwe faini. Amri ilipitia kwa machifu waliotambuliwa na serikali. Tatizo ni kwamba kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Anayegawa mashamba ni mndewa, mkuu wa ukoo. Huyu hakuwa na kiti kwenye mpango, ingawa ndiye aliyejua shamba lipi lina udongo gani.

Na udongo ulikuwa hoja ya msingi. Sehemu nyingi za Uluguru tabaka lenye rutuba ni jembamba. Ukichimba ngazi, unalifukia na kuleta juu udongo usiozaa. Wakulima waliona mavuno yanashuka, wakasema. Maofisa wakasikia ukaidi tu. Julai 1955 vurugu zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa.

Sasa ruka nusu karne. Kuanzia mwaka 2008 hivi, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi huko huko Uluguru, eneo la Kibungo Juu. Safari hii mkulima aliingia kwa hiari, akalipwa kwa kutunza mteremko, huku DAWASCO na kiwanda cha Coca-Cola cha Dar wakiwa upande wa wanunuzi. Kati ya kazi walizofanya wakulima, pamoja na kupanda miti, kulikuwa na nini? Matuta!

Kwa hiyo si kweli kwamba Mluguru alichukia hifadhi. Alichokikataa ni kubebeshwa kazi na hasara, huku faida ikienda bondeni na neno lake likipuuzwa.

Ila fedha za mradi zina mwisho wake, mvua haina. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji, na hiyo ni nafasi nzuri. Lakini jumuiya ikiitwa tu kwenye semina na kupiga picha, tutakuwa tumerudia ya 1955 kwa upole zaidi. Kumtambua kiongozi wa mlimani ni kumpa sauti kabla mpango haujaandikwa, na sehemu ya kile mjini tunacholipia kwenye bili ya maji.