Lugha ya Wachambuzi na Uhasama wa Garsen

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa, katika delta ya mto Tana, kilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto wa Kiorma. Tarehe 10 Septemba ilikuwa zamu ya Kilelengwani, ambako askari polisi nao waliuawa. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Magazeti na redio za Nairobi ziliyafasiri mauaji hayo kwa jozi moja ya maneno: Wapokomo wakulima, Waorma wafugaji. Jozi hiyo si uongo. Hata hivyo, ufafanuzi wa namna hiyo, urudiwapo kila siku na wachambuzi wa siasa, hugeuka ukawa sehemu ya ugomvi wenyewe.

Mpokomo hulima kandokando ya mto, penye udongo uletwao na mafuriko. Mworma huchunga ng'ombe nyikani wakati wa mvua, na kiangazi kikizidi huwateremsha mtoni. Njia ambazo mifugo huzipita kuyafikia maji huitwa malka, neno la Kiorma lijulikanalo bonde zima. Ni neno la mapatano: lakubali kwamba shamba lina mwenyewe, na papo hapo lakubali kwamba mpitaji ana haki yake. Mapigano ya miaka ya 2001 na 2002 yalizuka wakati mpango wa serikali wa kupima ardhi na kutoa hati ulipowatia wafugaji hofu ya kufungiwa njia hizo. Hati yataka jina la mmiliki, mpitaji haandikwi. Aliyetaka kuueleza ugomvi huo kwa haki angeanza na neno malka. Wachambuzi wengi walianza na kabila, na huko ndiko walikomalizia.

Jozi hiyo ina kasoro nyingine, nayo ni wale inaowaacha nje. Wawardei, Wamunyoyaya, Wamalakote na Wawata hawana nafasi ndani yake. Wala hana nafasi mdai wa tatu wa ardhi, ambaye si kabila. TARDA, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1974, limeshika sehemu kubwa ya delta. Na mwaka 2008 mradi wake wa miwa, kwa ushirikiano na kampuni ya sukari ya Mumias, uliwatisha wakulima na wafugaji sawasawa. Penye majina mawili tu, kila aliyepungukiwa na ardhi hana budi kumtazama jirani yake.

Mazoea haya ya usemi hayakuzaliwa Garsen. Baada ya mwaka 2000 redio za lugha za kikabila ziliongezeka nchini Kenya, na pamoja nazo vipindi vya kupokea simu za wasikilizaji. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambazo ziliua watu 1,133, ilipokea malalamiko mengi juu ya vipindi hivyo. Mwaka huo huo wa 2008 Bunge lilitunga sheria ya utangamano wa taifa, iliyoharamisha maneno ya vitisho na matusi yenye kusudi la kuchochea chuki ya kikabila. Lakini mchambuzi hodari hatukani. Huhesabu. Katiba ya 2010 ilipoanzisha kaunti, na uchaguzi wa Machi 2013 ukakaribia, mazungumzo ya kiti cha gavana wa Tana River yalikuwa hesabu ya kura za Waorma na kura za Wapokomo, kana kwamba mtu huzaliwa na kura yake. Hesabu hiyo haivunji sheria yoyote. Lakini kwa mwanakijiji wa Garsen aliyeisikia redioni miezi michache baada ya Riketa, ilikuwa ni kuambiwa kwamba wingi wa majirani ndio hatari yake. (Taifa hilo hilo huimba wimbo wake kwa sauti ya bembelezi la akina mama wa Kipokomo.)

La kuwashughulisha wanaisimu zaidi ni neno "mgeni". Katika Kiswahili cha pwani mgeni hukaribishwa, hupewa maji, huulizwa habari za atokako. Katika siasa za ardhi neno hilo limekuwa shtaka, na kinyume chake, "mwenyeji", limekuwa dai la umiliki. Hakuna silabi iliyobadilika, wala hakuna hakimu awezaye kumtia hatiani msemaji kwa kulitamka. Mfugaji ateremkaye na ng'ombe wake wakati wa kiangazi ni mgeni kwa maana ya kwanza. Redioni hupokelewa kwa maana ya pili.