Mdalasini uliotoroka bustanini

Ndugu mkulima, mdalasini huu unaouza kwa kilo uliwahi kuteka milima ya kisiwa kizima. Mwaka 1772 Wafaransa waliuleta Mahé, Ushelisheli, wakaupanda katika bustani ya viungo. Mwaka 1780 meli ilitokea baharini. Wakadhani ni Waingereza, wakaichoma bustani viungo visiangukie mikononi mwa adui. Kumbe meli ilikuwa ya Wafaransa wenzao! Moto haukuumaliza mdalasini. Ndege walikula matunda yake, wakadondosha mbegu hadi milimani, na miti ya asili ikabanwa.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, watafiti walichagua vilima 8 vya mawe hapo Mahé. Vilima 4 waling'oa miti na vichaka vya kigeni, 4 wakaviacha. Matokeo yalitoka 2017: palipofyekwa, wachavushaji, wengi wao wadudu, waliongezeka, na mimea ya asili ikazaa matunda zaidi.

Sikuambii ukate mdalasini wako. Ila kama shamba lako limepakana na msitu, kagua mpaka kila msimu na uing'oe miche iliyovuka ikiwa bado michanga. Ikishakomaa, ukiikata kisiki huchipua tena.